Mamba wa Jiwe

Haji Sulaimani alizikwa Jumanne baada ya adhuhuri, na mimi nilikaa uani kwake Kasese pamoja na wanawake, juu ya mkeka, Mkatoliki peke yangu katikati ya mitandio. Wanaume waliporudi kutoka makaburini, mwanawe mkubwa alikuja akachutama mbele yangu. "Mama Kavira," akasema, "wewe ulimjua baba kabla sisi hatujazaliwa. Watu wanangoja. Sema neno, hata moja." Mimi ni mwanamke wa miaka sabini na kitu. Nimefundisha darasani muda mrefu kuliko umri wa wengi waliokuwa uani pale, na sijawahi kukosa la kusema mbele za watu. Nikafungua mdomo, nikasema, "Alikuwa dereva mzuri." Basi. Watu wakaitikia kwa adabu, wakangoja kidogo waone kama kuna zaidi, halafu chai ikaendelea kumiminwa. Niliporudi nyumbani sikuvua hata viatu. Nilikaa mezani nikachukua daftari, maana nilijua kwamba nikilala bila kuandika, na kesho yake nitasema vilevile: dereva mzuri.

Mwaka ninaousema nilikuwa na miaka kumi na tisa. Jeshi lilikuwa limekwisha kuchukua nchi, na sisi watu wa Kasese na Bwera tulikuwa tumejifunza kutambua lori la askari kwa mlio wake kabla halijatokea kwenye kona. Nilikuwa natunza nyumba ya Mwalimu Rebello, Mgoa, mtu wa asili ya Uhindi aliyezaliwa hukuhuku Uganda, mjane, mwalimu wa sayansi. Tulikutana kanisani. Alikuwa anatafuta mtu wa kumpikia, akanipata mimi, lakini baada ya mwezi mmoja aligundua kwamba mikono yangu ni mitulivu, akaniweka kwenye kazi nyingine. Sebule yake haikuwa na kiti cha kukalia. Kila kiti kilikuwa na gazeti, na juu ya gazeti mifupa: vipande vya kobe, meno ya kiboko, pingili za mgongo wa samaki mkubwa kuliko samaki yeyote aliyewahi kushushwa na wavuvi wa Kasenyi. Yote ilikuwa imegeuka jiwe. Nilikuwa naisafisha kwa mswaki, naipaka vanishi, naandika namba ndogo kwa wino mweusi. Mchana nilimpikia samaki wa ngege kwa siki na pilipili, kama alivyonifundisha, na chumvi ya Katwe ambayo yeye alisema ni chungu kidogo lakini hakutaka nyingine. Alikula kwa mkono mmoja. Wa pili ulikuwa na mfupa.

Siku za mwanzo nilikuwa siwezi kutofautisha mfupa na kokoto. Akaniambia, "Weka ulimini." Nikadhani ananichezea. Akaweka yeye kwanza kipande kidogo cha kijivu kwenye ncha ya ulimi wake, akaachia mkono, na kile kipande kikabaki kimening'inia. "Jiwe halishiki ulimi," akasema. "Mfupa unashika. Hata ukiwa na umri gani, bado una kiu." Watoto wa shule walimwita Mwalimu Dinosaria, naye aliwasahihisha kila mara, bila kuchoka. Tangu utotoni alikuwa ametamani kumwona dinosaria, mfupa wake hata mmoja, lakini bonde letu hili, alisema, lilichimbika wakati dinosaria wamekwisha kutoweka zamani za zamani. "Sisi tuna tembo, viboko na mamba waliokunywa maji ya ziwa lililokuwapo kabla ya ziwa hili. Inatosha. Mtu hutafuta kilichopo kwake."

Na alikuwa amepata. Kusini ya barabara ya Katwe, huko mto Nyamugasani unakoteremkia Ziwa Edward, kuna mahali ardhi imechanwachanwa na mvua mpaka ikawa makorongo matupu, kuta za udongo wa kijivu na wa kutu, hakuna mti, hakuna kivuli. Mwaka mmoja kabla, Mwalimu alikuwa ameona katika ukuta mmojawapo safu ya meno. Alichimba kidogo akaona pua, akachimba tena akaona tundu la jicho. Fuvu zima la mamba, refu kuliko meza yetu ya kulia. Alilifunika kwa udongo na magunia, akawa analifikiria kama watu wengine wanavyofikiria nyumba wanayotaka kujenga.

Kisha redio ikatangaza kwamba watu wa asili yake waondoke nchini, na siku zao zikahesabiwa. Yeye alikuwa na paspoti ya kigeni, kwa hiyo alikuwa mmoja wao. Jioni moja nilikuwa jikoni nachambua mchele, Haji Sulaimani amekuja. Haji alikuwa msafirishaji, na Land Rover yake kuukuu ndiyo iliyotubeba siku zote. Dirisha la jikoni lilitazama barazani, nikasikia kila kitu.

"Mwalimu, kila njia iko na kizuizi," Haji alikuwa anasema kwa sauti ya chini. "Juzi wamemchukua mtu wa kahawa pale Kikorongo. Mke wake mpaka leo anauliza."

"Mvua ikianza, ule ukuta utaanguka. Atakwenda ziwani vipande vipande."

"Wenzako wanaondoka na nguo zao. Wewe unataka kuondoka na mamba?"

"Siondoki naye, Haji," Mwalimu akasema. "Naondoka mimi. Nataka yeye abaki. Nimekwisha kuwaandikia watu wa makumbusho Kampala, wako tayari kumpokea."

Nilisikia Haji akinywa chai yake mpaka mwisho, akaweka kikombe. "Alhamisi," akasema. "Tunaondoka alfajiri, tunarudi kabla ya alasiri. Na huyu msichana abaki nyumbani."

Sikubaki. Hakuna mtu mwingine aliyejua kukoroga plasta na kuifunga kwenye mfupa bila kuuvunja, na Mwalimu hakuwa na muda wa kufundisha mwingine. Lakini niseme kweli: niliogopa tangu Jumatatu. Sikuwa na karatasi yoyote. Nilivuka mto Lubilia kutoka Kongo nikiwa mtoto, wakati wa vita vya kwetu, na kitu pekee chenye jina langu kilikuwa cheti cha ubatizo cha Butembo, ambacho mchwa walikuwa wamekula nusu. Kiswahili hiki ninachoandika nilikipata baadaye, vitabuni. Cha siku zile kilikuwa cha mpakani, na nikifungua mdomo tu, mtu anajua nimetoka wapi. Askari waliamini kila Mkongo amebeba dhahabu. Jumatano nilitia chumvi mara mbili kwenye dengu, na Mwalimu akazila bila kusema.

Alhamisi tulipita kizuizi cha kwanza salama. Haji aliwajua wale vijana, akawapa salamu, akawatania kidogo. Tulipoiacha barabara, tukakata nyasi kuelekea ziwani, gari likiruka, swala wakitukimbia mbele. Haji aliegesha mahali ardhi inapoanza kupasuka, akazima. Ule ukimya ulinikaa masikioni. "Mimi nakaa na gari," akasema. "Mkisikia honi mara moja, ni mimi nawaita. Mkisikia mara mbili, msitoke." Kisha akanitazama mimi, si Mwalimu. "Umenielewa?"

Tukashuka. Korongo lile lilikuwa jembamba, kuta zake zinakupita kichwa mara tatu nne, na chini kuna mchanga laini uliokauka. Kwenye ule mchanga nikaona nyayo za simba, pana, kingo zake bado kali. Nikamshika Mwalimu mkono wa shati, jambo ambalo sikuwahi kufanya. Akainama akazitazama. "Za jana," akasema. Mpaka leo sijui kama alijua au alisema tu. Tukatembea juu ya nyayo zilezile, maana njia ilikuwa moja, na kila kona nilikuwa naingia kwanza kwa sikio, halafu kwa jicho. Kila mahali palikuwa na mifupa. Siku nyingine yoyote ningeokota; siku ile nilipita juu ya meno ya kiboko kama napita juu ya mahindi yaliyomwagika.

Fuvu lilikuwa mahali pake. Tulipotoa magunia, lile tundu la jicho likanitazama, na nikaogopa upya, kiasi kwamba nilijichora ishara ya msalaba. Mwalimu alifanya kazi kwa kisu kidogo na brashi, kisha kwa nyundo na tindo. Mimi nilikoroga plasta kwenye karai, nikalowesha vitambaa, nikafunga pua na taya. Ilipofika saa nne pua yote ilikuwa nyeupe, ngumu, salama. Lililobaki ni nyuma ya kichwa, na hilo lilikuwa limeingia ndani ya ukuta. Akaanza kuchimba chini yake, akalala ubavu, mabega ndani, juu yake ukuta umetokeza kama paji la uso. Nikaona vumbi likichirizika kutoka kwenye ufa mwembamba huko juu, likasimama, likachirizika tena.

"Mwalimu," nikasema, "udongo inaanguka."

"Dakika mbili, Kavira."

Hapo tukasikia honi mara mbili.

Halafu tukasikia injini ya lori, milango ya chuma, na sauti za watu wanaopiga kelele kwa lugha ya amri. Mwalimu alitoa kichwa, akaweka kidole mdomoni, akanionyesha nikae chini karibu na ukuta. Kisha, na hili nimemsamehe lakini sijalisahau, akarudi ndani kuchimba. Alichimba kwa mikono, bila nyundo, kimya, haraka. Nilitaka kumvuta miguu. Nilikuwa nimekunjwa kwenye mchanga, meno yananigongana, na nilitia pindo la kitenge mdomoni yasisikike. Huko juu mtu alipiga risasi moja. Sijui kama ni mlio wake, au lori, au ni wakati wake tu uliofika, lakini ule ukuta ukashuka. Haukupiga kelele. Ulikuwa kama mtu anayekaa chini kwa uchovu. Vumbi likajaa korongo, na lilipotulia niliona kichwa cha Mwalimu na bega moja, na kilichobaki ni udongo.

Alikuwa hai. Uso wake ulikuwa umegeuka rangi ya plasta, na anapumua kwa vipande vidogo, juu juu, kama samaki aliyetupwa ufukweni. Nilichimba kwa mikono. Kila nilichotoa, kingine kiliteremka mara mbili. Kucha mbili zikang'oka na sikuhisi. Akajaribu kusema, midomo ikatembea, hakuna sauti iliyotoka. Ule udongo ulikuwa unambana kila anapotoa pumzi, na kila pumzi ilikuwa fupi kuliko iliyotangulia. Nikatazama juu. Watu wenye mikono na majembe walikuwa huko, hatua mia moja, nao ndio watu niliokuwa nawaogopa kuliko simba.

Nimefundisha watoto kuhusu ujasiri kwa miaka mingi, na huwa nawaambia uongo kidogo. Huwa nawaambia mtu jasiri huogopa halafu hushinda woga. Mimi sikushinda kitu. Nilipanda lile korongo nikilia, mkojo umenitoka, na nilipotokeza juu kwenye jua niliinua mikono kabla mtu hajaniambia.

Walikuwa askari wanne. Mmoja alikuwa amemkalisha Haji chini kando ya gari, bunduki chini ya kidevu chake. Mkubwa wao alikuwa sajini aliyefunga leso kuzunguka shavu na kichwa. Jino lilikuwa linamsumbua na shavu lilikuwa limevimba. Aligeuka.

"Wewe! Simama hapo! Wewe natoka wapi?"

"Afande, saidia. Mwalimu iko chini ya udongo. Udongo imemufunika."

"Mwalimu gani? Mimi sioni shule hapa." Wale wengine wakacheka. Akanisogelea, akanusa hewa kama mtu anayenusa nyama. "Wewe Mkongo. Kipande iko wapi, karatasi yako?"

"Afande, atakufa. Tafazali. Muko na majembe kwa lori yenu—"

"Nani aliwaambia kuchimba? Nyinyi watu ya magendo." Akashika shavu lake, akafumba macho kwa maumivu, akafumbua. "Wacha udongo imalize yeye. Inatupunguzia kazi."

Akanipa mgongo. Na ndipo mdomo wangu ukasema, kabla mimi sijakubali, kwa sauti kubwa mpaka korongo likairudisha: "Afande, dhahabu iko chini yake!"

Sajini alirudi polepole, akanitazama machoni kwa muda. Hakuniamini moja kwa moja. Alikwenda kwa Haji, akainama, akamuuliza kitu ambacho sikukisikia. Nikaona midomo ya Haji ikitembea, nikaona kichwa chake kikiinama mara moja, mara mbili. Nikafikiri: mwenye bunduki chini ya kidevu atakubali lolote. Sajini akapiga kelele, "Majembe! Haraka! Haraka!" Wakashuka naye wawili, mimi mbele yao nikisukumwa na mdomo wa bunduki mgongoni.

Sijawahi kuona watu wakichimba vile. Walivua mashati. Walitumia majembe, koleo la lori, karai langu la plasta. Niliwaambia wamtoe yeye kwanza, kwani ameilalia dhahabu, nao wakafanya hivyo, si kwa huruma, ila kwa sababu alikuwa njiani. Walipomvuta kwapani alitoa sauti moja niliyodhani ndiyo ya mwisho, kisha akavuta hewa, ndefu, ikaingia yote, akakohoa matope. Mguu wake wa kulia ulikuwa umegeukia upande usiokuwa wake. Nilimburuta mpaka ukuta wa pili, nikamwegemeza kifuani kwangu, na tukakaa hivyo, tukiwatazama wakichimba kutafuta kitu ambacho hakipo.

Hapo ndipo nilipoelewa nimefanya nini. Kila koleo lililotoka lilinisogeza kwenye dakika ambayo watafika chini. Niliomba Salamu Maria bila kufika katikati, naanza tena, naanza tena. Jembe likagonga kitu kigumu. "Hii hapa!" Wakaparamia. Wakatoa udongo, na mamba akatokea, pua yake nyeupe kwa plasta, meno yake yote, na lile jicho. Askari mmoja aliruka nyuma akataja jina la Mungu. Sajini alitazama plasta. Kwake ile nyeupe haikuwa na maana nyingine: watu wameficha kitu ndani. Akachukua bunduki kwa mtutu, akapiga kwa kitako. Akapiga tena. Fuvu lililokaa pale tangu kabla ya ziwa likapasuka kama chungu, meno yakaruka mchangani, na ndani ya jiwe palikuwa na jiwe tu.

Nilihisi kifua cha Mwalimu kikipanda na kushuka. Nikadhani atapiga kelele. Alisogeza mdomo kwenye sikio langu. "Nyamaza," akaniambia. "Acha wapige." Machozi yalikuwa yamechora mistari miwili kwenye vumbi la uso wake.

Sajini alipochoka, alisimama akihema. Niliona anatafuta mtu. Macho yakanipata. Nikafunga yangu. Lakini badala ya kunijia, alisema tusi moja, akapanda juu kwa hatua kubwa, na wale wawili wakamfuata wakibeba majembe. Nikawasikia huko juu, sauti ya sajini, kisha ya Haji, ndefu kidogo, tulivu, kama mtu anayeeleza njia. Kisha kofi. Kisha mengine yasiyokuwa makofi. Nilimwacha Mwalimu nikapanda mpaka kichwa changu kikatokeza juu ya ukingo. Walikuwa wanamtupa Haji nyuma ya lori. Kanzu yake ilikuwa na damu. Sajini aliniona, akanionyesha kidole. "Chukua mzee wako," akasema. "Gari yenyewe haina breki. Mtakufa njiani." Lori likaondoka kuelekea barabarani, na vumbi lake likabaki limesimama muda mrefu.

Jinsi nilivyompandisha Mwalimu kutoka mle shimoni ni habari ya saa mbili nzima, nami sitaieleza. Alipanda kwa kukaa, kinyumenyume, akisukuma kwa mguu mmoja, mimi nikimvuta kwa kitenge. Sikuwa nimewahi kushika usukani maishani mwangu. Alikaa kando yangu akasema kila kitu kimoja kimoja, kwa sauti ya darasani: kanyaga klachi, sasa mimi naweka gia, achia polepole, Kavira, nimesema polepole. Tulikwenda kwa gia ya kwanza kutoka pale mpaka barabarani na kutoka barabarani mpaka Kabatoro, mimi nikiwa nimeng'ang'ania usukani, na kila mti niliuona askari. Breki zilikuwa nzima kabisa. Tuliingia zahanati jua likiwa bado lipo, wachimba chumvi wakirudi kutoka kwenye ziwa la chumvi. Mganga alisema hana plasta hata kijiko. Nikatoka nikaleta gunia la plasta ya mamba, na kwa hiyo mguu wa Mwalimu Rebello ulifungwa kwa plasta iliyokusudiwa kisogo cha mamba.

Aliondoka wiki tatu baadaye, kwa treni ya Kasese, akiwa na magongo mawili na sanduku moja la nguo. Kabla ya hapo alikuwa ameandika barua kwa masista wa chuo cha ualimu, ukurasa mzima kunihusu, na ndiyo iliyonifungulia njia niliyoifuata maisha yangu yote. Kituoni hakusema lolote juu ya fuvu. Aliuliza, "Haji?" Nikatikisa kichwa. Alikuwa bado hajarudi.

Siku zile nilikwenda kila asubuhi kwa Mariamu, mke wake Haji. Nilimchotea maji, nikamtwangia sombe ya majani ya muhogo, nikakaa naye barazani tukitazama barabara. Ningeweza kumwambia. Neno lilikuwa tayari kooni: mumeo yuko kambini kwa sababu mimi nilisema dhahabu. Sikulisema. Mariamu alinisifu kwa majirani, "Huyu mtoto wa Kikongo ana moyo," na kila sifa ilinichoma.

Wakamrudisha mwezi ulipokuwa unaisha, wakamtupa kando ya barabara karibu na soko. Sikio la kulia halikusikia tena, na jicho la upande huo lilikuwa limefunga. Nilingoja siku nne. Siku ya tano nilikwenda, nikamkuta ameketi ndani, anakunywa uji kwa kijiko kwa sababu ya meno. Mariamu alikuwa sokoni. Nilipiga magoti upande wa sikio zima.

"Haji, ni mimi. Ni mimi nilisema dhahabu. Walikuchukua sababu yangu."

Akaendelea na uji wake. Akameza. "Nilikusikia," akasema. "Lile korongo lina sauti. Yule afande akaja akaniuliza, 'Msichana anasema dhahabu iko. Ni kweli?' Ningesema hapana, angerudi lorini, na Mwalimu angekufa pale. Nikasema, 'Ndiyo, afande, nimeibeba mwenyewe.'" Akafuta mdomo. "Wakachimba?"

"Walichimba."

"Basi."

"Na waliporudi juu bila kitu?"

"Nikawaambia ilikuwa yangu, imevuka mpaka jana usiku, na wewe ni mpishi tu, hujui kitu. Halafu nikawaambia gari halina breki, wasije wakalichukua mkakosa cha kurudia." Akanitazama kwa lile jicho moja. "Unalia nini? Ulisema wewe, nikasema na mimi. Tulikuwa wawili. Na mambo haya, Kavira, yasitoke nje ya chumba hiki. Mariamu akijua nilikubali mwenyewe, atanimalizia sikio lililobaki."

Hayakutoka. Alinyamaza nayo zaidi ya miaka hamsini, na mimi pia. Mariamu alitangulia, sasa Haji naye amemfuata, nami naona hakuna tena wa kumficha.

Siku ile aliponiambia hayo, hakunipa nafasi ya kukaa na machozi. Alisema kesho yake ana mzigo wa samaki wa kuchukua Kasenyi, na upande wa kulia haoni wala hasikii, anahitaji mtu wa kumtazamia barabara. Sikutaka. Nilikwenda. Nilikaa kando yake nikitaja kila kitu kwa sauti kubwa, baiskeli, mbuzi, shimo, mama mwenye kuni, mpaka tukaona mbele yetu pipa na gogo limelazwa njiani, na askari anainua mkono. Nilisahau kutaja. Haji alikuwa amekwisha kuona mwenyewe, akapunguza mwendo, akasimama. Askari, kijana tu, aliingiza kichwa dirishani, akatazama viti, akanitazama mimi.

"Huyu nani?"

"Binti yangu," Haji akasema.

Yule askari akatazama kanzu na kofia ya Haji, akatazama msalaba mdogo shingoni mwangu. Alitazama kwa muda. Kisha akainua gogo.

Haji akaweka gia, tukapita. "Endelea," akaniambia. "Kuna nini huko kulia?"

"Baiskeli," nikasema. "Na mtoto anavuka."